Northvolt: Mali bila daftari hupotea bila habari

Tarehe 12 Machi 2025, kampuni ya betri ya Northvolt ilikwenda mahakamani nchini Uswidi na kutangaza kuwa imefilisika. Kampuni yenyewe ilikuwa na umri wa miaka tisa hivi. Katika miaka hiyo ilikusanya takriban dola bilioni 15 za Marekani kutoka kwa wawekezaji, mabenki na serikali, fedha ambazo kwa shilingi yetu zakaribia trilioni 1.9. Siku ilipoanguka ilikuwa na wafanyakazi karibu 5,000, kiwanda kikubwa ambacho hakijawahi kufanya kazi kwa nguvu zake zote, na orodha ndefu ya watu wanaoidai.

Msomaji aliyeketi barazani Mombasa, Kwale au Lamu ana haki ya kuuliza: hayo ya Uswidi na betri zao yatuhusu nini sisi? Yatuhusu kwa sababu fedha zilizopotea hazikuwa za matajiri peke yao. Sehemu yake ilikuwa akiba ya uzeeni ya walimu, wauguzi, madereva na wafagiaji, watu ambao hawakuulizwa na ambao hawajawahi kuiona hata betri moja ya kampuni hiyo. Na sisi pia, kila mwisho wa mwezi, twakatwa fedha za uzeeni zinazokwenda kuwekezwa na watu wengine kwa niaba yetu.

Kuna funzo moja kubwa katika kisa hiki. Northvolt ilikuwa na fedha, tena nyingi. Wateja ilikuwa nao, tena wakubwa. Kilichokosekana ni mtu wa kusimama na kuuliza, "Mwezi uliopita mmetengeneza betri ngapi zilizo nzima?", na akakataa kuondoka mpaka apewe jibu. Badala yake, kwa miaka kadhaa wenye mfuko waliridhika na jibu la swali jingine: mwaka fulani ujao mnatarajia kutengeneza ngapi?

Ahadi ilivyoanza

Northvolt ilianzishwa mwaka 2016 na Peter Carlsson na Paolo Cerruti, wote wawili wakiwa wametoka kampuni ya magari ya umeme ya Tesla. Hoja yao ilikuwa nzuri na bado ni nzuri. Walisema Ulaya inaelekea kwenye magari ya umeme, lakini betri, ambayo ndiyo moyo wa gari hilo, yatengenezwa China, Korea Kusini na Japani. Ulaya isipotengeneza yake, itabaki kuwa mnunuzi. Wakaongeza kwamba betri zao zingetengenezwa kwa umeme wa maporomoko ya maji ya kaskazini mwa Uswidi, hivyo zingekuwa safi kuliko za wengine.

Maneno hayo yaliwaingia watu. Mwaka 2019 kampuni ya Volkswagen ya Ujerumani iliweka euro milioni 900 na kupata karibu moja ya tano ya hisa. Benki ya Goldman Sachs ya Marekani nayo ikawa miongoni mwa wenye hisa wakubwa. BMW iliagiza betri za euro bilioni 2 mwaka 2020. Volvo, Scania na wengine wakafuata, hadi kampuni ikawa inasema maagizo iliyo nayo yamepita dola bilioni 50.

Kiwanda cha kwanza kilijengwa Skellefteå, mji mdogo wa kaskazini, si mbali na pale ambapo jua la kiangazi halizami. Mpango ulikuwa kiwanda hicho kitoe gigawati-saa 60 kwa mwaka, ambazo ni betri za kutosha magari kama milioni moja. Awamu ya kwanza ilikuwa ya gigawati-saa 16, yaani magari zaidi ya laki mbili. Desemba 2021 betri ya kwanza ilitoka, picha zikapigwa, na habari zikazunguka dunia nzima kwamba Ulaya sasa imeweza.

Kutoa moja si kutoa milioni

Hapa ndipo pa kutua kidogo, kwa sababu ndipo wengi walipokosea. Betri ya kwanza ya Northvolt ilikuwa ya kweli. Lakini kutengeneza betri moja iliyo nzuri na kutengeneza maelfu kila saa, zote zikiwa sawasawa, ni kazi mbili tofauti kabisa. Anayepika sahani moja ya biriani ikasifiwa nyumbani hajathibitisha kwamba aweza kupikia harusi ya watu elfu mbili.

Seli ya betri ya gari hutengenezwa hivi. Unga wa madini kama nikeli, kobalti na manganisi huchanganywa mpaka uwe kama uji mzito. Uji huo hupakwa juu ya karatasi ya aluminiamu iliyo nyembamba mno, na mchanganyiko mwingine hupakwa juu ya karatasi ya shaba. Kisha karatasi hizo hukaushwa, hukandamizwa, hukatwa, na kupangwa pamoja. Halafu hutiwa maji maalumu ya kupitisha chaji, hufungwa, huchajiwa kwa mara ya kwanza polepole, na kuwekwa kando kwa siku kadhaa ili ionekane kama zinavuja chaji.

Katika kila hatua kuna namna ya kuharibu. Upakaji ukizidi unene kwa kiasi ambacho jicho halioni, seli haifai. Kipande cha chuma kidogo kuliko punje ya mchanga kikiingia ndani, seli yaweza kushika moto. Unyevu ndio adui mkubwa zaidi. Sisi tunaoishi karibu na bahari twajua jinsi hewa yenye maji na chumvi inavyokula mabati na nyaya. Katika kiwanda cha betri, hata unyevu wa kawaida wa chumba ni mwingi kupita kiasi, na sehemu muhimu za kazi hufanyiwa kwenye vyumba vilivyokaushwa hewa usiku na mchana.

Kampuni za Asia zimejifunza kazi hii kwa miaka zaidi ya ishirini, zikianza na betri ndogo za simu na kompyuta. Northvolt ilianza moja kwa moja na betri za magari. Mashine zake nyingi zilitoka China, wafanyakazi wake walitoka mataifa zaidi ya mia moja, na wengi walikuwa wageni katika kazi hiyo. Robin Zeng, mwanzilishi wa kampuni ya CATL ya China inayoongoza duniani kwa betri, alisema mwaka 2024 kwamba watengenezaji wa Ulaya wamekosea mahali patatu: muundo wa betri, utaratibu wa kazi na mashine. Yeye ni mshindani wao na maneno yake yapaswa kupimwa, lakini hesabu za kiwandani hazikumpinga.

Maana hesabu zilikuwa hivi. Mwaka 2023, miaka miwili baada ya ile betri ya kwanza, kiwanda cha Skellefteå kilitoa chini ya asilimia 1 ya kile ambacho awamu yake ya kwanza ilijengwa kutoa. Mapato ya kampuni yote mwaka huo yalikuwa dola milioni 128. Hasara ilikuwa karibu dola bilioni 1.2, wakati mwaka uliotangulia hasara ilikuwa dola milioni 285. Kwa maneno mengine, kila dola moja iliyoingia iliambatana na hasara ya dola tisa.

Shamba moja halijavunwa, matatu yamefyekwa

Mtu wa kawaida angesema, basi hapo tusimame kwanza, turekebishe kiwanda hiki kimoja mpaka kifanye kazi. Uongozi wa Northvolt haukufanya hivyo. Kampuni ilikuwa tayari imenunua Cuberg, kampuni ya utafiti wa betri huko California. Ilikuwa na kiwanda cha kuunganisha betri mjini Gdańsk, Poland. Ilianza mradi mwingine pamoja na Volvo mjini Gothenburg. Ilinunua kiwanda cha zamani cha karatasi huko Borlänge ili kukigeuza. Ilitaka pia kutengeneza yenyewe unga wa madini, kuchakata upya betri zilizochakaa, kutengeneza betri za kuhifadhia umeme wa majumbani na viwandani, na hata betri za sodiamu.

Septemba 2023 ikatangaza kiwanda kingine jimbo la Quebec, Kanada, cha thamani ya dola bilioni 7 za huko. Machi 2024 Kansela wa Ujerumani wakati huo, Olaf Scholz, alikwenda Heide, kaskazini mwa nchi yake, kuzindua ujenzi wa kiwanda kingine cha Northvolt, ambacho Umoja wa Ulaya ulikuwa umekwisha kuidhinishia msaada wa serikali wa euro milioni 902. Wahenga wetu walisema mshika mbili moja humponyoka. Hawa walishika saba.

Tena tazama tarehe, kwa sababu tarehe zasema mengi. Januari 2024, mara tu baada ya mwaka ule wa uzalishaji wa chini ya asilimia 1, Northvolt ilitangaza kwamba imepata mkopo wa dola bilioni 5 kutoka kwa mabenki na taasisi zaidi ya ishirini. Ulisifiwa kuwa mkopo mkubwa kuliko yote ya aina yake Ulaya kwa miradi ya kulinda mazingira. Wakati huo huo ndani ya kiwanda, wateja walikuwa wakisubiri bidhaa. Scania ilikuwa na malori ya umeme ambayo hayangeweza kumalizika kwa wakati kwa sababu betri zilichelewa.

Mwaka huo haukuisha kabla ya ukweli kujitokeza. Juni 2024 BMW ilifuta agizo lake la euro bilioni 2. Septemba kampuni ikatangaza kupunguza wafanyakazi 1,600 nchini Uswidi na kusimamisha upanuzi wa Skellefteå. Tarehe 21 Novemba ilikimbilia mahakama ya Marekani na kuomba kinga dhidi ya wadai. Katika hati zake ilieleza kuwa imebakiwa na dola milioni 30 hivi mkononi, ilhali inadaiwa dola bilioni 5.8. Kwa kampuni ya ukubwa ule, dola milioni 30 ni matumizi ya siku chache. Kesho yake Carlsson akajiuzulu kama mkurugenzi mkuu, na akakiri kwamba alipaswa kukanyaga breki mapema zaidi katika suala la upanuzi. Miezi minne baadaye yakaja yale ya Machi 2025.

Walioshika mfuko walikuwa wapi?

Ni rahisi kumtupia lawama zote Carlsson, na sehemu yake anayo. Lakini mkurugenzi ana bodi juu yake, na bodi ina wenye hisa nyuma yake. Hao ndio ninaotaka kuwazungumzia, kwa sababu uongozi mbovu haudumu miaka mingi mahali ambapo wenye mali wako macho.

Chukua Volkswagen. Ilikuwa mwenye hisa mkubwa kuliko wote, ikifikia asilimia 21. Na Scania, ile kampuni ya malori iliyokuwa ikisubiri betri, ni ya kundi la Volkswagen. Yaani nyumba hiyo hiyo ilikuwa na mkono mmoja kwenye kiti cha mmiliki na mkono mwingine kwenye foleni ya wateja wanaolalamika. Haikuhitaji mpelelezi kujua kwamba bidhaa haitoki.

Chukua Goldman Sachs. Gazeti la Financial Times liliripoti Novemba 2024 kwamba mifuko ya benki hiyo ilikuwa ikifuta kabisa uwekezaji wa karibu dola milioni 900 katika Northvolt. Kwa mujibu wa ripoti hiyo hiyo, miezi saba hivi kabla, mmoja wa mifuko hiyo ulikuwa umewaambia wateja wake kwamba uwekezaji huo sasa una thamani zaidi ya mara nne ya fedha iliyowekwa. Msomaji, soma tena sentensi hiyo. Kutoka mara nne hadi sifuri, ndani ya miezi saba, na kiwanda ni kile kile, mashine ni zile zile.

Hili laweza kutokea kwa sababu Northvolt haikuwa imeorodheshwa kwenye soko la hisa. Kampuni iliyo sokoni hulazimika kutoa hesabu hadharani mara kwa mara, na bei ya hisa yake hupanda na kushuka kila siku kulingana na habari. Kampuni ya binafsi haina kipimo hicho. Thamani yake huwa ni ile iliyokubaliwa na mwekezaji wa mwisho kuingia. Akija mwingine mwenye matumaini zaidi, walioingia mapema wote huandika kwenye vitabu vyao kwamba wametajirika, hata kama hakuna senti moja ya faida iliyopatikana. Kwa hivyo kila aliyemo ndani ana sababu ya kufurahia matumaini ya anayefuata, na hana haraka ya kuuliza maswali ya kumtisha.

Kisha kuna mifuko ya pensheni. Mifuko minne ya pensheni ya taifa la Uswidi, AP1 hadi AP4, iliweka kwa pamoja kroni bilioni 5.8 za nchi hiyo, zaidi ya dola milioni 500. Mfuko wa ATP wa Denmark, ambao karibu kila mfanyakazi wa nchi hiyo huchangia, uliweka kroni bilioni 2.3 za Denmark. Serikali ya jimbo la Quebec ilinunua hisa za dola milioni 270 za Kanada. Benki ya serikali ya Ujerumani, KfW, ilitoa karibu euro milioni 600. Sehemu kubwa ya fedha hizi imepotea.

Tuseme haki: nchi hizo hazikuwa maskini, na mifuko yao ni mikubwa kiasi kwamba mzee wa Stockholm hatakosa mkate kwa sababu ya Northvolt. Lakini swali linabaki pale pale. Wasimamizi wa fedha za watu walifuata nini? Nionavyo mimi, walifuata vitu vitatu. Kwanza, majina makubwa yaliyotangulia, kila mmoja akidhani mwenziwe ndiye aliyekagua. Pili, jina jema la mradi, kwamba ni wa mazingira na wa heshima ya bara lao, hivi kwamba kuuliza sana kulionekana kama kukosa uzalendo. Tatu, hofu ya kuachwa nyuma. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachoonyesha idadi ya betri.

Upande wa pili wa mizani

Hoja hii ina wapinzani, na wana neno la kusikilizwa. Wanasema hakuna kiwanda cha betri duniani kilichoanza bila kutupa bidhaa nyingi mbovu, na kwamba kampuni za Asia nazo zilipitia miaka ya hasara, zikibebwa na serikali zao. Wanasema pia kwamba mwaka 2024 mauzo ya magari ya umeme Ulaya yalipoa kuliko ilivyotarajiwa, na bei ya betri za China zikashuka mno, hasa zile za chuma na fosfeti zisizohitaji nikeli wala kobalti. Kulingana nao, Northvolt ilipigwa na upepo ambao hata nahodha hodari angeyumba.

Nakubali sehemu ya maneno hayo. Kujifunza kwahitaji subira, na subira kwahitaji fedha. Lakini hiyo ndiyo sababu hasa ya kutozitawanya. Fedha za kununulia muda wa kujifunza Skellefteå ndizo zilizokwenda California, Poland, Quebec na Heide. Na kuhusu upepo, BMW haikufuta agizo kwa sababu watu wameacha kununua magari yake ya umeme. Iliendelea kuyauza na kununua betri kwa wengine. Bahari ilikuwa chafu, ni kweli, lakini vyombo vingine vilifika.

Wengine wataongeza kwamba Carlsson alikuwa na ndoto kubwa, na kwamba bila wenye ndoto hakuna kinachojengwa. Sawa. Ila mwenye ndoto apewe mshika daftari wa kukaa naye, na mshika daftari huyo asiwe mtu anayemuogopa.

Kwetu je?

Turudi nyumbani. Kenya haina kiwanda cha kutengeneza seli za betri, lakini biashara ya betri imekwisha kufika. Bodaboda za umeme zaonekana mijini, na vijana wanabadilisha betri vituoni kama tulivyokuwa tukibadilisha mitungi ya gesi. Mojawapo ya kampuni za bodaboda hizo, Roam ya Nairobi, ilianzishwa na vijana kutoka huko huko Uswidi mwaka 2017, wakati huo ikiitwa Opibus. Madini ya betri nayo ni ya kanda yetu: kobalti nyingi duniani yatoka Kongo, na Tanzania ina nikeli ya Kabanga na madini ya grafiti huko Mahenge. Kiwanda kikubwa kikianguka Ulaya, mnunuzi mmoja wa madini hayo amepungua, na anayebaki, ambaye ni China, ana nguvu zaidi ya kupanga bei.

Lakini kinachonigusa zaidi ni ile akiba ya uzeeni. Tangu Februari 2023, makato ya NSSF yamekuwa yakipanda chini ya sheria ya mwaka 2013, mfanyakazi akitoa asilimia 6 ya mshahara unaohesabiwa na mwajiri asilimia 6. Mfuko unakua haraka. Na fedha zikikua, wenye miradi huja kubisha hodi. Mwaka 2025 NSSF iliingia ubia na kampuni ya China ya CRBC katika upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit. Sisemi kwamba mradi huo ni mbaya. Barabara na betri si kitu kimoja. Nasema kwamba fedha za mpagazi wa bandarini, za mhudumu wa hoteli ya Diani na za mwalimu wa Malindi sasa ziko ndani ya miradi mikubwa, na wenye fedha hizo wana haki ya kujua kila mwaka kazi imefika wapi na hesabu ikoje.

Nasi Wapwani hatuhitaji kwenda Uswidi kujifunza tofauti ya tangazo na mavuno. Mradi wa Galana-Kulalu, katika kaunti za Kilifi na Tana River, ulizinduliwa mwaka 2014 kwa hesabu ya ekari milioni moja. Shamba la mfano lilikuwa la ekari 10,000 tu, na mkandarasi kutoka Israel aliondoka mwaka 2019 kabla hata hilo halijakamilika. Kila mmoja wetu anaikumbuka ile milioni. Ni wangapi wanaoweza kutaja magunia yaliyovunwa?

Kwa hivyo ikija kampuni yoyote kwetu, iwe ya betri, ya madini, ya bandari au ya samaki, na ikataka ardhi yetu, akiba yetu au msamaha wa kodi, kuna maswali manne ambayo Northvolt inatufundisha kuyauliza. Hayahitaji shahada ya uhasibu. Chifu aweza kuyauliza, mwakilishi wa wadi aweza kuyauliza, na mwanachama wa kawaida wa chama cha akiba vilevile.

La kwanza: mmetengeneza au mmevuna kiasi gani kufikia mwezi uliopita, na kati ya hicho, kiasi gani kiliuzwa na kulipiwa? Maagizo si mauzo. Maagizo ya zaidi ya dola bilioni 50 hayakuiokoa kampuni iliyoshindwa kuyatimiza.

La pili: mradi wenu wa kwanza unajilipa wenyewe? Kama bado, mbona mnafungua wa pili?

La tatu: nani ndani ya bodi yenu amewahi kufanya kazi hii kwa mikono yake, na ni lini mara ya mwisho alipokwenda kiwandani bila kutoa taarifa?

La nne: mambo yakiharibika, nani atakayepoteza kwanza? Kama jibu ni mkulima, mstaafu au mlipa kodi, ilhali wakubwa wamekwisha kulipwa mishahara yao, basi huo si ubia.

Huko Skellefteå maisha hayakusimama. Agosti 2025 kampuni ya Lyten ya Marekani ilitangaza makubaliano ya kununua mali za Northvolt zilizobaki Uswidi na Ujerumani, na watu wa mji huo wana matumaini kwamba kiwanda chao kitapata uhai mpya. Tunawaombea heri. Kitu cha kwanza ambacho mwenye kiwanda mpya anapaswa kubandika ukutani, pale ambapo kila mfanyakazi na kila mwenye hisa atapaona, ni namba moja tu inayobadilishwa kila jioni: betri nzima zilizotoka leo.

Na hapa kwetu, mwenye kadi ya NSSF, mwenye hisa kwenye sacco, mwenye shamba linalotamaniwa na mwekezaji, aanze kuiulizia namba yake sasa. Ukiambiwa usiwe na wasiwasi, jambo hili ni la kitaalamu, hapo ndipo uongeze wasiwasi kidogo na uulize tena.